Kujijengea uzoefu wa utafiti ukiwa Mwanza, kabla ya kuomba mafunzo ya udaktari na utafiti

Kila mwaka, msimu wa maombi unapokaribia, huwa naletewa barua za maelezo binafsi nizipitie kabla hazijatumwa. Nyingi zimeandikwa na madaktari vijana waliomaliza utarajali hapa Mwanza, na karibu zote zina aya moja inayofanana: mwombaji ametaja miradi minne au mitano aliyoshiriki, majina ya taasisi na semina alizohudhuria, lakini hasemi popote ni swali gani lililokuwa likitafutiwa jibu, wala yeye alifanya nini kwa mikono yake, wala ni kitu gani kiliharibika njiani. Wanaozisoma barua hizo kwenye kamati za uteuzi wameshaona taasisi kubwa za kutosha. Wanachokitafuta ni mtu aliyewahi kukaa na swali moja muda mrefu kiasi cha kuliona likimgeuka. Uzoefu wa namna hiyo unapatikana hapahapa kando ya ziwa, tena kwa urahisi kuliko watu wengi wanavyodhani, na mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuupata.

Hatua ya kwanza: fahamu ni mlango upi unaouomba

Neno «daktari mtafiti» linabeba njia kadhaa zisizofanana, na nimewaona vijana wakipoteza mwaka mzima kuandaa maombi ya njia isiyowahusu. Nchini Marekani zipo programu zinazounganisha shahada ya udaktari wa tiba na ya uzamivu kwa pamoja. Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo zilianza kuzifadhili mwaka 1964, na mwanafunzi huzimaliza kwa takribani miaka 8. Kuziingia kunahitaji shahada ya kwanza ya chuo kikuu, si cheti cha kidato cha sita, na fedha za serikali ya Marekani kwa programu hizo ni za raia na wakaazi wa kudumu. Vyuo vichache hupokea wageni kwa fedha zao wenyewe, na nafasi hizo ni haba. Cambridge nchini Uingereza nako kuna programu ya aina hiyo, ila hupewa mwanafunzi ambaye tayari anasomea udaktari chuoni hapo.

Hapa kwetu mpangilio ni mwingine. Unasoma udaktari wa tiba kwa miaka 5, unafanya utarajali mwaka 1, na baada ya hapo unachagua kuanza ubingwa, ambao kwa fani nyingi ni miaka 3, au kuchukua shahada ya uzamili katika epidemiolojia, mikrobiolojia au takwimu za afya, kisha uzamivu. Daktari wa Kitanzania aliyekwisha kuhitimu kwa kawaida hairudii shule ya udaktari ng'ambo ili apate uzamivu. Huomba uzamivu moja kwa moja, mara nyingi ndani ya mradi unaoendelea, au huomba ufadhili wa watafiti chipukizi kama ule unaotolewa kupitia EDCTP, ushirikiano wa nchi za Ulaya na za Afrika ulioanza mwaka 2003. Anayetaka kufanya ubingwa Marekani katika njia yenye miaka ya utafiti ndani yake atalazimika kupita kwanza mitihani ya leseni ya huko.

Hata hivyo, zipitie fomu za Marekani hata kama huziombi, kwa sababu zinaonyesha waziwazi kile ambacho kamati za kila mahali zinakitafuta. Mwombaji hutakiwa kuandika insha ya herufi 3,000 akieleza kwa nini anataka shahada zote mbili, na nyingine ya herufi 10,000 kuhusu utafiti wake peke yake: swali lilikuwa nini, msimamizi alikuwa nani, na mchango wake mwenyewe ulikuwa upi. Jaribu kuijaza hiyo ya pili leo. Kalamu ikigoma kwenye aya ya kwanza, umeshajua pa kuanzia.

Hatua ya pili: soma kwanza, halafu ubishe hodi

Usiende kuomba nafasi kwa mtafiti kabla hujasoma kitu alichokiandika, na usikisome juujuu. Mtu wa Mwanza ana bahati ya pekee hapa, kwa kuwa mojawapo ya mijadala mikubwa ya utafiti wa afya barani Afrika ilianzia kwenye vijiji vya mkoa wake. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza, zilizopangwa katika jozi 6. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vyake vya afya na nyingine ikasubiri. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizopata huduma hiyo na asilimia 1.9 katika zile zilizosubiri, yaani yalipungua kwa takribani asilimia 40. Miaka minne baadaye, mwaka 1999, jarida hilohilo lilichapisha jaribio la Rakai nchini Uganda, ng'ambo ya magharibi ya ziwa hilihili, ambako watu wazima waligawiwa dawa za magonjwa ya zinaa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10. Huko VVU havikupungua.

Chukua makala hizo mbili, funga mlango, uandike kwa Kiswahili ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini majibu yalitofautiana. Utakuta kwamba Mwanza dawa zilipatikana kituoni kila siku kwa mwenye dalili, wakati Rakai zilipita kwa mzunguko na mtu aliweza kuambukizwa tena siku chache baada ya wagawaji kuondoka; kwamba Rakai VVU vilikuwa vimeshaenea zaidi; na kwamba sehemu kubwa ya vidonda vya sehemu za siri huko ilitokana na kirusi cha herpes, ambacho antibayotiki hazikigusi. Kazi hiyo haitachapishwa popote, lakini ukiifanya vizuri utakuwa umejifunza kulinganisha tafiti, jambo ambalo semina ya siku tatu haikupi. Nami siku ya kwanza niliyokaa mbele ya msimamizi wangu, hakuuliza matokeo ya mitihani yangu. Aliuliza: «Umesoma nini, na kuna nini ndani yake ambacho hukukiamini?»

Hatua ya tatu: jua nani anafanya nini, kisha andika barua fupi

Jijini Mwanza kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Sambamba nacho kipo kitengo cha majaribio ya kitabibu cha MITU, kinachoendeshwa kwa ushirikiano na Shule ya Usafi na Tiba ya Kitropiki ya London. Juu ya kilima kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando pamoja na chuo kikuu cha sayansi za afya kilichojengwa hapohapo, ambacho pia kina ushirikiano wa muda mrefu na shule ya udaktari ya Weill Cornell ya New York. Huko Kisesa, wilayani Magu, wakazi wa kata nzima wamekuwa wakifuatiliwa katika utafiti wa VVU tangu mwaka 1994. Na hapa Mwanza ndipo lilipofanyika jaribio la kulinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, jaribio ambalo matokeo yake yamo katika ushahidi unaounga mkono dozi moja.

Nimezitaja ili uone kwamba kila mlango una kazi ya aina yake. Anayependa maabara asijipeleke kwenye mradi wa mahojiano ya kaya kwa sababu tu ndio wenye gari zuri.

Barua yako isizidi nusu ukurasa. Iandikie mtu mmoja aliyesimamia kazi uliyoisoma, si mkurugenzi, na usiisambaze kwa watu kumi kwa siku moja, maana Mwanza ni mji ambao watafiti wote wanakunywa chai pamoja. Taja makala, taja jambo moja ndani yake lililokukwaza au kukuvutia, sema una saa ngapi kwa wiki na kwa miezi mingapi, kisha sema unachokiweza sasa hivi. Mfano ni huu: «Shikamoo Daktari. Nimesoma makala yenu ya kichocho kwa watoto wa shule, na sikuelewa kwa nini mlichukua sampuli ya siku moja badala ya siku tatu. Ninaomba kujitolea saa 8 kwa wiki kwa mwaka mmoja. Ninaweza kuingiza takwimu na nimewahi kutumia hadubini darasani.» Barua kama hiyo hujibiwa. Ile inayoanza kwa kumsifu mpokeaji na kumalizia kwa kuomba «nafasi yoyote ile» haijibiwi, na nadhani ndivyo inavyostahili.

Ukikubaliwa, ulizia mapema kuhusu posho, nauli na bima, na mkubaliane kwa maandishi. Si utovu wa adabu. Niliwahi kuvuka ziwa kwa pesa yangu miezi mitano nikiamini nitarudishiwa, na sikurudishiwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kusema kwamba nitarudishiwa isipokuwa moyo wangu.

Jambo jingine ni kumtambua fundi wa maabara mwenye umri mkubwa kuliko wote na kumwamkia kabla ya profesa. Wanafunzi wengi hukaa karibu na profesa. Mzee wa maabara ndiye atakayekuonyesha jinsi ya kushika kioo, kuandika lebo isiyofutika kwa spiriti, na kutambua kwa sauti yake tu kwamba jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri limeanza kuchoka.

Hatua ya nne: kubali kazi ndogo na uifanye mpaka uone kasoro yake

Hapa ndipo uzoefu wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kazi ya kutafuta mayai ya minyoo kwenye kinyesi cha watoto wa shule katika kisiwa kimoja cha Ukerewe, kwa njia ya Kato-Katz. Unachuja kinyesi kwa wavu mwembamba, unakijaza kwenye tundu la kibao chenye ujazo wa miligramu 41.7, unakiacha juu ya kioo, kisha unakifunika kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye gliserini ya kijani. Unageuza kioo, unakandamiza, uchafu unatandazika na polepole gliserini inaufanya upenye mwanga, mpaka mayai ya kichocho, yenye mwiba wake ubavuni, yanaonekana kama yamechorwa kwa penseli. Unahesabu, unazidisha kwa 24, unapata idadi ya mayai kwa gramu. Ukihesabu 16 unapata 384, ambayo ni maambukizi ya kati. Ukihesabu 17 unapata 408, na mtoto yuleyule amehamia kundi la maambukizi makali, kwa kuwa mpaka ni 400. Yai moja. Tangu nilipolielewa hilo sijawahi tena kusoma jedwali la «kati» na «makali» kwa utulivu.

Lakini si yai hilo lililonifundisha. Kisiwani hatukuwa na umeme wa uhakika, kwa hiyo niliandaa vioo vyote saa za mchana, nikavipanga vizuri kwenye sanduku, nikapanda meli ya kurudi Mwanza, na kuvisoma kesho yake nikiwa nimelala usingizi wa kutosha. Kichocho kilikuwa tele. Safura, yaani minyoo inayoambukizwa kupitia udongo, haikuwepo hata kwa mtoto mmoja. Niliandika taarifa yenye sentensi ya kujivunia kwamba huenda udongo wa kisiwa kile haufai kwa safura, nikaeleza hata sababu za kijiolojia, jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka naona joto la uso.

Mzee wa maabara aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza: «Mwanangu, hivi vioo ulivisoma saa ngapi?» Nikamwambia, kesho yake asubuhi. Hakusema neno. Aliandaa kioo kimoja kwa sampuli ya mgonjwa wa safura iliyokuwepo siku ile, akaniambia nikiangalie, nikayaona mayai, mviringo wa yai wenye ganda jembamba na vijichembe vichache ndani. Akaniambia nikanywe chai na nirudi baada ya saa moja na nusu. Niliporudi, kioo kilikuwa kilekile, mahali palepale, na mayai hayakuwepo. Gliserini ileile inayosafisha uchafu na kuyaonyesha mayai ya kichocho huyasafisha pia mayai ya safura mpaka yasionekane kabisa, na ndiyo maana kioo cha kutafutia safura husomwa ndani ya dakika 30 hadi 60 tangu kiandaliwe. Kisiwa hakikuwa na udongo wa ajabu. Kilikuwa na mtu aliyechelewa.

Tulirudi kisiwani na hadubini mbili na jenereta, tukasoma kila kioo mara mbili: mara ya kwanza palepale kwa ajili ya safura, mara ya pili baadaye kwa ajili ya kichocho. Kosa lile ndilo lililojaza nusu ya insha yangu ya maombi, na kwenye usaili ndilo swali pekee waliloendelea kuniuliza kwa zaidi ya dakika kumi.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuingiza takwimu kwenye kishikwambi, usiidharau. Iangalie mpaka ugundue kwamba umri wa akina mama wengi unaishia kwenye 0 au 5, kisha ujiulize kwa nini. Ukipewa kazi ya kupiga simu kuwafuatilia washiriki, tunza orodha ya wasiopatikana na sababu zake, kwa kuwa wavuvi huhama kambi kufuata dagaa na mbalamwezi, na utafiti unaowapoteza wavuvi wote unabaki na picha ya mji wa watu wanaokaa nyumbani. Kazi ndogo ina dirisha la namna hiyo kila mahali, ila halifunguki wiki ya kwanza. Ushauri wangu ni kubaki na mradi mmoja kwa mwaka mmoja kamili, na ukiweza miezi 18, badala ya kugawa muda huo kwa miradi mitatu. Najua mtarajali anayezunguka wodi na zamu za usiku hana muda huo. Basi atumie mwaka unaofuata, na asijidanganye kwamba Jumamosi mbili za kila mwezi zitamtosha.

Hatua ya tano: ingia kwenye maadili kwa mlango wa mbele

Utafiti wowote unaohusisha binadamu hapa nchini unahitaji kibali cha kamati ya maadili, ya chuo au ya taifa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Jaribio la dawa au chanjo linahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Baada ya hapo zipo barua za mkoa, halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Omba ushiriki katika kuandaa angalau faili moja la aina hiyo kutoka mwanzo hadi kibali kinapotoka, ukiyasoma maswali ya kamati na majibu ya msimamizi. Fanya pia kozi fupi ya utendaji bora wa majaribio ya kitabibu. Inapatikana mtandaoni, na miradi mingi haikuruhusu kumgusa mshiriki bila cheti chake.

Cheti hicho hakitakutayarisha kwa kinachotokea mwaloni. Kwenye kambi moja ya wavuvi tulisoma fomu ya ridhaa mbele ya wanaume waliokuwa wakianika dagaa, na tulipomaliza mzee mmoja aliuliza bila kuacha kazi yake: «Hiyo damu mnaipeleka wapi?» Kijana tuliyekuwa naye akajibu kwa Kiswahili cha fomu kwamba sampuli zitahifadhiwa kwa uchambuzi zaidi. Wakatazamana. Anayejua hadithi za mumiani za pwani na bara anaelewa neno «zitahifadhiwa» lilivyoingia masikioni mwao. Ilibidi dada muuguzi wa timu, aliyezaliwa upande ule, aanze upya kwa Kisukuma: akaonyesha kichupa, akasema ni kijiko kimoja cha chai, akataja jengo kilipo kichupa hicho hapo Mwanza na siku kitakapomwagwa, akawaambia anayetaka aje akione. Wawili walikuja kweli, wiki iliyofuata, wakitokea sokoni.

Jifunze kuieleza fomu ya ridhaa bila kuisoma. Jizoeze kwa mama yako au jirani asiye wa afya, na umwombe akurudishie kwa maneno yake alichoelewa. Akisema «wanatibu bure», bado hujaeleza kwamba huu ni utafiti. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yako, na mtoto huulizwa naye kama anakubali hata kama mzazi ameshasaini. Sehemu hii ya uzoefu haina jedwali la matokeo, lakini ndiyo inayomtofautisha mwombaji aliyekanyaga kijijini na aliyesoma takwimu za kijiji akiwa ofisini.

Hatua ya sita: andika kila siku

Nunua daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba. Andika tarehe, ulichokifanya, ulichotarajia, kilichotokea, na jina la faili au kichupa. Usichane ukurasa, usifute kwa wino mweupe. Kata kwa mstari mmoja ili kilichokosewa kisomeke. Majina ya wagonjwa hayaingii humo, ni namba zao za utafiti tu. Hayo yanatosha kuhusu daftari.

Hatua ya saba: tafuta swali lako ndani ya swali la wengine

Baada ya miezi sita hivi utaanza kuona kitu ambacho mradi haukukiuliza. Hapo ndipo unapoacha kuwa msaidizi. Swali hilo liwe dogo, lijibike kwa takwimu ambazo tayari zimekusanywa, na liwe lako kiasi kwamba ukiamshwa usiku unaweza kulisema kwa sentensi moja. Langu lilikuwa kama watoto wanaochota maji ziwani asubuhi wana mayai mengi kuliko wanaochota jioni. Lilikuwa swali dhaifu, na nilipolifanyia uchambuzi nilikuta kwamba saa ya kuchota ilikuwa ikiamuliwa na umbali wa nyumba na pwani, kwa hiyo nilichokuwa nikikipima kilikuwa umbali. Hata hivyo nilijifunza kitu kinachoitwa kipotoshi kwa kukigonga kichwa.

Andika ukurasa mmoja au miwili: swali, sababu ya kuliuliza, takwimu utakazotumia, namna utakavyozichambua, na matokeo gani yatakufanya ukiri kwamba ulikosea. Mpe msimamizi, na uombe ruhusa kwa maandishi. Takwimu za mradi si zako kwa sababu tu zimo kwenye kompyuta yako, na mara nyingi kibali cha maadili kitahitaji kuongezewa kipengele. Kwa uchambuzi, jifunze R, programu ya kompyuta ya takwimu ambayo ni ya bure. Hifadhi kila amri uliyoandika, ili mtu mwingine aweze kurudia hesabu zako na kupata jibu lilelile. Makala za kusoma utazipata kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya, kama taasisi yako imesajiliwa, na wakati wa kuandika utafiti wa kuangalia bila kuingilia, fuata mwongozo wa STROBE kipengele kwa kipengele.

Kuhusu majina ya waandishi, zungumza kabla ya kuanza. Kanuni inayotumiwa na majarida mengi ya tiba ina masharti manne: uwe na mchango mkubwa katika kubuni kazi au kupata na kuchambua takwimu, ushiriki kuandika au kuhakiki rasimu, uridhie toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. Yote manne kwa pamoja. Makala moja niliyoifanyia kazi mwaka mzima ilitoka jina langu likiwa kwenye shukrani tu, na nilipojikagua niligundua kwamba sikuwahi kuomba kuiona rasimu. Walionitenda hivyo hawakufanya vyema, lakini nami nilikuwa nimewarahisishia kazi. Jihadhari pia na majarida yanayokuandikia yenyewe, yakikusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja ukilipa. Bango moja kwenye kongamano la chuo, ulilolitetea mbele ya watu wanaojua, lina uzito kuliko makala kwenye jarida la namna hiyo.

Hatua ya nane: omba barua mapema, na ukabidhi kazi kabla ya kuondoka

Barua ya mapendekezo iliyoandikwa na mtu mkubwa asiyekufahamu inajulikana kwa mistari mitatu ya kwanza. Iombe kwa aliyeona vioo vyako vikikosewa na kurudiwa, hata kama cheo chake ni kidogo, na kama fomu inamtaka profesa, mwombe profesa amsikilize huyo kwanza. Mpe wiki sita. Pamoja na ombi, mpelekee ukurasa mmoja: tarehe ulizoanza na kumaliza, kazi uliyofanya, makosa mawili uliyoyarekebisha, swali lako lilipofikia, na tarehe ya mwisho ya kila ombi. Wiki mbili kabla ya tarehe hiyo mkumbushe kwa ujumbe mfupi, bila kuona haya, kwa sababu wanaosimamia miradi wana taarifa za wafadhili zinazowakimbiza.

Katika insha yako, aya ya kwanza ianze na swali, si na utoto wako. Eleza kilichojulikana kabla yako, ulichokifanya wewe na walichokifanya wenzako, na uvitenganishe kwa uaminifu, maana msomaji ataiweka barua ya msimamizi wako pembeni ya insha yako na kuzilinganisha. Ukisema «tulipima», msomaji atauliza nani alishika kichupa.

Wiki za mwisho mradini zitumie kukabidhi. Chora ramani ya jokofu ukionyesha kila rafu, sanduku na safu, uibandike mlangoni na nakala uihifadhi kwenye kompyuta ya mradi. Eleza kila jina la safu kwenye faili la takwimu lina maana gani, ikiwemo zile ulizozitunga usiku ukiwa umechoka. Acha daftari, wewe ubaki na nakala kama msimamizi ameruhusu. Futa takwimu za washiriki kwenye kompyuta yako binafsi na umwonyeshe msimamizi kwamba umefuta. Kisha kaa siku nzima na atakayeshika nafasi yako, umwachie yeye aandae kioo na wewe ushike saa.